Kaburi la Mashine

Dundee, 11 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama shikamoo, mfikishie hata kama yuko jikoni na hataki kusumbuliwa. Mimi mzima, ila mafua ya huku Uskochi hayaishi, na kiangazi chao kimekwisha kabla sijakiona. Nyonga inasemaje? Usiniandikie kwamba haijambo. Precious ameshaniambia kwamba asubuhi unashuka kitandani kwa kushika ukuta. Huyo binti wa mjomba ndiye jicho langu hapo nyumbani, usimkasirikie.

Habari za kifo cha Baba Paulo zimenikuta kazini. Nililia mbele ya vikongwe ninaowatunza, mpaka bibi mmoja akanipa kitambaa chake. Baba Paulo aliyenifundisha baiskeli! Siamini kwamba nikija sitamkuta pale nje ya kanisa akikuita "Mskochi wangu" na kukucheka unavyotembea. Kuja mazishini siwezi, likizo yangu niliimaliza tangu Machi. Najua kwako alikuwa zaidi ya ndugu. Ulifika nchi hiyo kijana wa kutengeneza mitambo ya kuchambua pamba, hujui hata kuomba maji, na yeye ndiye aliyekushika mkono mkaanza kijiji pamoja. Pole sana, baba. Mpe pole Mama Dorcas, mwambie nitampigia nikipata nguvu.

Sasa nisikilize kama muuguzi, si kama mtoto. Usishike jembe. Nakujua, utataka uwe wa kwanza kuingia kaburini. Nyonga hiyo ikikatika hakuna wa kuiunga. Precious anasema ardhi imekauka mpaka sururu zinadunda, na vijana wengi wako visiwani kwenye dagaa. Kwani wale wakandarasi wa barabara ya lami si wana kijiko, ile mashine ya kuchimbia mitaro? Na mhandisi wao si anakuja kunywa chai kwako kila Jumapili? Mwombe. Huku makaburi yote yanachimbwa kwa mashine na hakuna anayeona vibaya. Wewe utakuwa umetoa mchango wako na nyonga itabaki salama.

Precious atakufungulia barua hii kwenye simu yake. Wewe andika kwa mkono kama kawaida, atanipigia picha. Kuongea kwa simu tumeshashindwa kwa masikio yako, mara ya mwisho nilikuuliza habari za ng'ombe ukanijibu habari za askofu.

Mwanao,
Kashindye


Mwabusiga, 19 Agosti 2024

Mwanangu Kashindye,

Mwangaluka. Shikamoo yako marahaba, na mama yako naye amepokea ya kwake. Miili yetu mizima. Mvua hakuna, ziwa limerudi nyuma, mbuzi wanakula hata magunia. Natumaini mafua yameisha. Kama hayajaisha, vaa soksi mbili, mimi nimezaliwa huko najua.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nimeharibu, Kashindye. Nimeharibu vibaya.

Mhandisi alikubali mara moja, akasema kwa heshima yangu hata mafuta atatoa mwenyewe. Asubuhi ya mazishi nikapiga vigingi, nikafunga kamba, nikapima pembe zote kama nilivyopima msingi wa kanisa. Kijiko kikaja. Kilichimba kaburi zuri, mwanangu, kuta zimenyooka, sijawahi kuona kaburi zuri vile hapa kijijini. Nikasimama pembeni najisifu moyoni. Nikasema, Paulo, rafiki yangu, hili nimekufanyia mimi.

Vijana wakafika na majembe begani, mbele yao Chenge, mtoto mkubwa wa marehemu. Wakalikuta shimo liko tayari. Wakasimama. Mimi, mjinga wa kufa, nikadhani wamefurahi kupunguziwa kazi.

Vilio kule nyumbani vilikuwa vimekatika, kwa sababu mngurumo ule ulimeza kila kitu. Dorcas akatoka kuangalia ni nini. Wanawake wamemshika huku na huku. Akaja mpaka ukingoni, akachungulia ndani, akaniangalia. Akasema, "Shemeji, mume wangu ni bomba la maji?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Chenge akawachukua wenzake, wakaenda upande wa pili wa mji wao, wakaanza kaburi lingine kwa mikono yao. Ardhi ile unaijua ilivyo Agosti. Walipokezana, huyu akichoka mwingine anamwambia "lete" anaingia, na watu wote tukakaa juani na jeneza letu tukingoja. Mchungaji aliniangalia mara moja tu akageuza uso. Hakuna aliyenifukuza. Nilikaa karibu na shimo langu kama mtu anayelinda duka lisilo na wateja. Wakati wa kutupa udongo, watu walipanga mstari, na mimi sikuinuka. Sikumtupia Paulo hata konzi moja.

Likabaki lile shimo. Unajua kaburi tupu halilali wazi, linaita mtu mwingine, sharti uzikwe mgomba ndani yake. Niliomba wasaidizi, kila mmoja alikuwa na safari. Basi tumekata mgomba mimi na mama yako, tukauzika. Nilifukia kwa chepeo nikiwa nimekaa juu ya ndoo kwa ajili ya nyonga. Watu wanapita kwenda ziwani, "Shikamoo mzee," wanaendelea na njia yao.

Na hilo wazo la kijiko usimtajie mtu yeyote. Mimi ni mtu mzima, nilikuwa na akili zangu.

Baba yako,
Dankani


Dundee, 26 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Mama yuko salama? Anakula? Mimi ni mzima wa kutembea tu.

Barua yako niliisomea ndani ya basi nikashukia kituo nisichokijua. Mwanzo nilitaka kukuandikia kwamba shimo ni shimo tu, marehemu hajui nani amechimba, na watu wa Mwabusiga wanapenda kujikuza. Niliandika yote hayo. Kisha nikayafuta, maana nilisikia sauti yangu ikisema kama mtu asiyezaliwa hapo. Baba, mimi nimebeba maji kwenye misiba mingapi? Nimeona wanaume wangapi wakigombea kuingia shimoni, hata mwenye kikohozi, ilimradi ashike jembe kidogo? Nilijua. Nilijua kabisa, na nikasahau, nikakufundisha wewe ujinga. Naona aibu mpaka nashindwa kula.

Niruhusu niwaambie ni mimi. Nitampigia Chenge, nitampigia mwenyekiti. Wewe ni mzee wa kanisa, hufai kubebeshwa kosa la mtoto.

Na kama hutaki, basi njoo. Njoo ukae nami mpaka wasahau. Nyonga watakutengeneza hapa hospitalini. Huku ni kwenu, baba, tena ni kwenu kwanza.

Mwanao,
Kashindye


Mwabusiga, 8 Septemba 2024

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mama yako anakula, anaongea na kuku, na mimi ananiongelesha inapobidi. Tunaendelea.

Kwetu kwanza! Hivi wewe mtoto unajua unachosema? Kule nina nini? Kaburi la mama yangu nililoliona kwenye picha, na jina langu kwenye daftari la ubatizo kama bado halijaliwa na panya. Nilipofika hapa palikuwa pori, viboko wanapanda usiku kula mihogo, na nyumba za kuhesabu kwa vidole. Kanisa tumelijenga na Paulo kwa mawe tuliyoyatoa ziwani kwa mikono, shule vilevile, zahanati vilevile. Uraia nimechukua kwa hiari yangu. Watu hawa wamenichagua mwenyekiti wao mpaka nikaomba mwenyewe nipumzike. Leo unaniambia kwetu kwanza.

Nikuambie siku niliyokuwa mtu wa hapa. Si siku ya harusi, si siku ya uraia. Ni siku alipokufa kaka yako Daudi kwa malaria, wewe hujazaliwa. Mimi nilikuwa kijana, sijui la kufanya, nimekaa mlangoni na mtoto amefunikwa ndani. Nilifikiri nitamzika peke yangu. Kumbe walikuwa wanakuja, mmoja mmoja, na majembe, bila kuitwa. Paulo ndiye aliyeingia shimoni kwanza. Nilipotaka kuwashukuru akanikatiza, akasema, "Nyamaza wewe. Kesho utachimba la kwangu." Nikachimba, Kashindye. Miaka yote nimechimba. Hakuna mji hapa ambao sijaingia kaburini kwao.

Tena mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikiwa mwenyekiti nikamsema Ndalahwa mwenye duka, kwa sababu alikuwa anatuma vibarua misibani badala ya kwenda mwenyewe. Nilimwambia mbele ya watu, asiyechimba hachimbiwi. Watu walipiga makofi. Sasa nikipita dukani kwake ananiuliza kama ile mashine yangu inachimba na vyoo.

Juzi nilikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Nikasimama nikasema, sheria ni sheria, nitozeni. Niko tayari kwa ng'ombe, niko tayari kukaa chini na kuwapikia watu. Mwenyekiti wetu sasa ni Hellen, yule niliyemfundisha kusoma katika shule ya Jumapili. Aliniuliza kwa upole, "Mzee, nani alikushauri?" Nikasema hakuna, ni kichwa changu. Akanong'onezana na wenzake. Akasema, "Mzee wetu, hatukutozi kitu. Umechoka, na kwenu mna taratibu zenu. Kuanzia sasa wewe pumzika tu. Kukiwa na msiba usijisumbue kuja."

Umeelewa walichonifanyia? Wamenisamehe kama mgeni. Mwenyeji hutozwa, akalipa, yakaisha. Mgeni huonewa huruma akapewa kiti. Nimejiuzulu uzee wa kanisa. Hawakunizuia. Sasa nalala nikijiuliza, siku yangu ikifika, wataniletea majembe au watamwita mhandisi?

Usimpigie mtu yeyote. Mtoto wangu hatasemwa katika kijiji hiki nikiwa hai.

Baba yako,
Dankani


Dundee, 15 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Nimeisoma mara nyingi. Sikujua habari za Daudi zilikuwa hivyo, mama hanisimulii. Nisamehe kwa lile neno la kwetu kwanza.

Lakini hili la kunificha hapana. Umesema uongo mkutanoni kwa ajili yangu, wewe uliyekuwa unatuchapa kwa uongo wa sukari. Unadhani mimi ninapumua vizuri huku? Kila siku nikivaa sare yangu najiona mwizi. Waambie tu, baba. Neno moja: ni Kashindye. Wewe utakuwa umekosea kwa kumsikiliza mtoto, na hilo hapo nyumbani linaeleweka.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Kashindye


Dundee, 20 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Kimya chako kimenishinda. Nimeandika hujibu, Precious naye anasema umemkataza kupiga picha chochote. Jana ndiyo ameniambia kwamba ulianguka, halafu akasema hukuanguka, halafu akakata simu. Mama hapokei.

Sikuombi barua ndefu. Andika tu kwamba uko hai.

Mwanao,
Kashindye


Mwabusiga, 28 Oktoba 2024

Kashindye mwanangu,

Niko hai. Mama yako hajambo. Sikuanguka, nilikaa. Nitakueleza, kisha nitakuomba kitu.

Wiki mbili zilizopita ziwa lilitupa mtu ufukweni. Mvuvi, kijana, inasemekana mtumbwi wao ulitoka Ukerewe, jina hatukulijua. Polisi walikuja wakaandika yao, ndugu hawakuonekana, kijiji kikaamua kumzika. Nikasema hapa ndipo pangu. Maiti asiye na mtu na mzee asiye na kijiji, nani atanizuia? Nikachukua jembe langu.

Niliwakuta wameshafika kiunoni. Nikaweka fimbo chini nikaingia, sijui niliingiaje, Mungu ndiye anajua. Chenge akasema, "Mpisheni mzee." Basi wote wakatoka, Kashindye. Wote, kwa adabu kabisa, wakakaa pembeni kwenye nyasi. Nikabaki ndani peke yangu.

Nikachimba. Nilikuwa nangoja mtu aseme "lete". Ndivyo inavyokuwa, huwezi kuacha jembe mpaka mwenzako akuambie lete. Hakuna aliyesema. Niliwasikia wakiongea taratibu habari za bei ya dagaa. Nilichimba mpaka mikono ikakataa kufumba, nikaona haya kutoka na nikaona haya kubaki, mwisho nikakaa chini humo humo ndani ya kaburi la watu. Machozi yalinitoka, nikajifanya ni vumbi.

Chenge akashuka. Akanishika makwapani akaninyanyua kama mtoto anayetolewa bafuni. Akanipangusa udongo mgongoni. Akasema, "Mzee, si ulishaambiwa upumzike?" Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya. Halafu wakaingia tena, wakaanza pale nilipoishia, na lete zao nikazisikia mpaka nafika nyumbani. Mama yako aliichukua suruali ile akaenda kuifua.

Basi wewe umeshinda. Nitafutie tiketi. Nitakuja huko nikae dirishani niangalie mvua, na nikifa waniitie mashine yao, hakuna atakayeona vibaya. Nimemwambia mama yako jana. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Amesema, "Nenda, baba Kashindye. Mimi nina kwetu." Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniambia neno lililonikata namna hiyo.

Baba yako,
Dankani


Dundee, 3 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mama shikamoo sana, mwambie nimempigia magoti.

Tiketi sikununua. Nilifungua ukurasa wa ndege nikajaza jina lako lote, na nikashindwa kubonyeza. Tangu nije huku nimekuwa nikiota siku utakayoniambia unakuja. Sasa umesema, na nimeona aibu kwamba niliwahi kulitaka jambo hili. Ningekupokea uwanjani nikiwa nimemwacha mama peke yake na wewe umekatwa miguu.

Baba, jana nimempigia Mama Dorcas. Najua ulinikataza. Nikamwambia, mama, kijiko kilikuwa neno langu. Baba alinisikiliza kwa sababu mimi ni muuguzi na nilimtisha kuhusu nyonga, na mkutanoni amesema uongo ili mnisahau mimi. Nilisema yote kwa pumzi moja kama nilivyokuwa nakariri mistari ya Biblia mbele yake. Nikangoja anitukane. Nilisikia kuku, nikasikia mtu anatwanga. Nikasema, mama, unanisikia? Akasema, "Nakusikia." Kisha akakata simu, bila hata kunitakia usiku mwema.

Sijui nimefanya nini. Labda nimekuongezea. Kama nimeharibu tena, basi safari hii nimeharibu kwa jina langu. Ukitaka tiketi bado, andika, nitabonyeza.

Mwanao,
Kashindye


Mwabusiga, 24 Novemba 2024

Mwanangu Kashindye,

Mwangaluka, mwanangu. Sisi wazima. Mvua zimeanza, tena kwa fujo, njia ya kwenda Kisesa imekatika mahali wakandarasi walipoacha udongo wao. Mama yako amepanda mahindi na ananiita nikamshikie kamba, kwa hiyo nitaandika haraka. Mafua yako vipi?

Mtoto mkaidi wewe. Nilikukataza. Niliposoma barua yako nilitupa miwani. Kwa majuma mawili nilikaa ndani nikingoja, kila mbwa akibweka najua ni wao, wanakuja kuniambia kwamba aliyekuwa mzee wa kanisa ni mwongo. Maana aibu ya kaburi nilikuwa nimeanza kuizoea, lakini hii ya uongo ilikuwa mpya.

Dorcas alikuja jana asubuhi, peke yake. Tangu Agosti hajawahi kukanyaga hapa. Alikuwa na jembe begani na kanga ya msiba. Mama yako akakimbilia birika, Dorcas akasema, "Chai iache kwanza, Ng'washi." Akasimama mbele yangu. Ikabidi nisogeze sikio.

"Shemeji, ulitudanganya mkutanoni."

Nikasema, "Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Ni mtoto wangu."

"Kwa hiyo mimi ningemla? Nimemwogesha huyo. Nimemchapa huyo kwa mkono huu huu, wewe ukiwa kwenye vikao vyako. Leo ndiyo unamficha nisimwone?" Alikuwa amekasirika kweli kweli, Kashindye, mate yanamtoka. "Mmekaa nyinyi wawili, mmoja ng'ambo mmoja hapa, mmetafuna aibu yenu peke yenu kama watu wanaoficha nyama. Na mimi nina msiba!"

Ni kweli. Tangu siku ile nilikuwa nikilia kwa ajili ya heshima yangu, na Dorcas ameamka kila siku kwenye kitanda kitupu, na sikuwahi kwenda kumuuliza amelalaje. Rafiki gani huyo. Hata sasa ninapoandika uso unaniwaka.

Akasema, "Inuka twende."

Tukaenda polepole, yeye mbele. Sikuwa nimefika kwenye kaburi la Paulo tangu walipomzika. Nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisilione. Kashindye, limetitia. Mvua zimelishusha, katikati pamebonyea, maji yamesimama, msalaba umelala upande. Kaburi la maskini asiye na watoto linakuwa hivyo, si la Paulo Masele. Nikapandwa na hasira nikasahau mimi ni nani. Nikauliza, Chenge yuko wapi? Hawa vijana wanafanya nini, mvua ya tatu hii na kaburi la baba yao liko hivi?

Dorcas akasema, "Nimewakataza kuligusa. Tangu mvua ya kwanza Chenge anataka kuongeza udongo, nimemwambia aache, lina mtu wake."

Mvua ya kwanza, mwanangu, ilinyesha Oktoba. Wewe ulikuwa hujampigia.

Akanipa jembe. Akakaa chini kwenye nyasi mbichi, akanyoosha miguu. Nikaanza kuvuta udongo. Nilikuwa nachota kidogo kidogo kwa ajili ya nyonga, nalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia, na watu walikuwa wanapita. Nilimwambia Paulo kila kitu kwa Kisukuma chetu kibovu cha karakana ya pamba. Nikaona Dorcas naye analia. Halafu nikataka kuharakisha, akaniambia, "Taratibu, Mskochi. Paulo haendi popote." Tukacheka, wazee wawili wajinga tumelowa matope.

Nilipomaliza nilisimama nikashika jembe vizuri. Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha niliyokuwa nimeyapanga miezi yote hii, marefu, yenye aya za Biblia. Nikafungua mdomo. Dorcas akanyoosha mkono akasema, "Lete." Nikampa jembe. Akaongeza udongo kidogo pale kwenye kichwa, akapiga piga kwa mgongo wa jembe, akanirudishia.

Akaniambia kule mwaloni, mitumbwi inakofikia, kwa akina Owiti, mama yao amefariki alfajiri. Wanaanza kuchimba leo saa nne. Akasema nisichelewe, na nije na jembe langu, la kwake ana kazi nalo.

Baba yako,
Dankani